Enameli: Kioo Kilichoyeyushwa Juu ya Shaba na Chuma

Ni nadra mtu kuingia katika nyumba ya mlimani, tangu Siha hadi Rombo, asione walau kikombe kimoja au bakuli moja jeupe lenye ukingo wa buluu. Wenyewe huviita vyombo vya bati, na jina hilo limezoeleka kiasi kwamba hapana haja ya kulipinga jikoni. Walakini mwanachama akitaka kufahamu alichokishika mkononi, itambidi aliweke kando jina hilo kwa muda. Mwili wa chombo hicho ni bamba jembamba la chuma. Weupe unaong'aa juu yake si bati wala si rangi, bali ni kioo kilichosagwa kikawa unga, kikapakwa juu ya chuma, kisha kikayeyushwa kwa moto mpaka kikashikamana nacho. Kioo hicho ndicho kiitwacho enameli.

Jambo hili laweza kuonekana dogo kwa vyama ambavyo shughuli yake ni kahawa. Lakini miongoni mwa wanachama wamo wahunzi, masonara, na akina mama na vijana watengenezao mapambo ya kuwauzia wageni wapandao mlima. Katibu huletewa bangili au kisahani kilichopambwa, akaambiwa ni enameli, akatakiwa atie sahihi ya kupokea. Ikiwa kumbe ni rangi ya kopo iliyokaushwa juani, mnunuzi ataivaa bangili hiyo wiki chache tu, rangi itabanduka, na jina litakaloharibika si la fundi bali ni la chama kilichoiuza. Kadhalika wako wanaotamani kuianza kazi yenyewe kwa kununua tanuri kwanza na kujifunza baadaye. Chama kifanyacho hivyo hununua sanduku ghali la kuharibia shaba.

Kioo chenyewe hakina siri kubwa. Mchanga mweupe ukichanganywa na magadi na chokaa, ukatiwa katika moto mkali, huyeyuka ukawa kioo. Mchanga peke yake ungehitaji moto wa nyuzi zaidi ya 1,700 za Sentigredi. Magadi ndiyo yaushushayo moto huo. Ni madini ya jamaa moja na magadi yanayopatikana Ziwa Natron, ambayo mpishi huyatia katika maharage ili yalainike upesi. Kwa enameli huongezwa boraksi, na tangu zamani oksidi ya risasi, ili kioo kiyeyuke kwa moto mdogo zaidi, yaani baina ya nyuzi 750 na 850. Kioo kisicho na kitu kingine hubaki wazi kama maji. Rangi hutokana na madini machache yanayoyeyushwa pamoja nacho: kobalti huleta buluu, shaba huleta kijani au rangi ya feruzi, manganizi huleta zambarau, chuma huleta hudhurungi, na oksidi ya bati hukifanya kioo kiwe cheupe kisichopitisha nuru. Wekundu safi ulio kama wa divai hutokana na dhahabu, kwa kiasi kidogo sana, na ndiyo sababu enameli nyekundu iliyo bora imekuwa ghali siku zote. Hapa basi bati lina nafasi yake, ingawa si ile aidhaniayo mwenye kikombe.

Wahunzi wa Kilimanjaro hawakupata kufanya enameli, na hilo ni jambo la kustaajabisha kidogo mtu akizingatia vitu walivyokuwa navyo. Chuma walikinunua Upare, ambako Washana wa Ugweno walijulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma; masimulizi ya Ugweno hata yasema kwamba ukoo huo wa wahunzi ndio uliotawala kabla ya Wasuya kuunyakua utawala. Wahunzi wa mlimani, hasa wale wa Mamba karibu na Marangu, waligeuza chuma hicho kuwa mikuki mirefu iliyotafutwa na Wamasai, majembe, visu, kengele, na mikufu ya pete ndogondogo zilizoungwa kwa subira kubwa. Misafara kutoka pwani iliwaletea masango, yaani waya nene za shaba, wakazifanya bangili na vikuku. Misafara hiyo hiyo ilileta shanga, nyingi zikiwa zimetengenezwa Venice na Bohemia. Kazi ya mhunzi ilizungukwa na heshima na hofu kiasi kwamba mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann, aliyeishi mlimani miaka mingi, alichapisha makala nzima juu yake mwaka 1912.

Hivyo mlimani zilikuwapo shaba, waya, moto wa mkaa uliovuviwa kwa mivukuto ya ngozi, na kioo cha kila rangi. Shaba ilivaliwa mkononi na kioo kikavaliwa shingoni, kimoja kando ya kingine, wala hakuna aliyeviingiza motoni pamoja. Wahunzi hawa hawakuwa peke yao. Wamisri wa kale walikuwa mabingwa wa dhahabu na wa kioo pia, na katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, vilikutwa vitu vya dhahabu vilivyopambwa kwa vipande vya mawe na kioo cha rangi. Lakini vipande vile vilikatwa kwa kipimo na kupachikwa kwa gundi vikiwa baridi. Pete 6 za dhahabu zilizofukuliwa Kouklia katika kisiwa cha Kupro, za karne ya 13 kabla ya Kristo, huhesabiwa miongoni mwa kazi za kale kabisa ambazo kioo chake kiliyeyushwa mahali pake, juu ya chuma chenyewe. Kutoka kupachika hadi kuyeyusha ni hatua moja, lakini ni hatua ngumu, na ugumu wake wote umo katika sheria moja ya maumbile ambayo kila mhunzi huijua kwa mkono wake hata kama hakuisoma shuleni.

Sheria hiyo ni kwamba kila kitu hutanuka kikipata joto na hunywea kikipoa, na kila kitu kina kipimo chake. Ufito wa shaba nyekundu wenye urefu wa mita 1, ukipashwa joto kwa nyuzi 100, hurefuka kwa milimita 1.7 hivi. Ufito wa chuma hurefuka kwa milimita 1.2. Ufito wa kioo cha kawaida hurefuka kwa milimita 0.9 tu. Sasa tuseme kioo kimeyeyuka juu ya shaba katika nyuzi 800, kisha vyote viwili vinatolewa nje vipoe. Shaba itataka kunywea zaidi kuliko kioo. Ikiwa tofauti ni kubwa mno, kioo hupasuka au huruka vipande, pengine usiku, wakati fundi amekwisha kulala akiamini kazi imekamilika. Ndiyo sababu unga wa chupa zilizosagwa ovyo hauwezi kuaminiwa. Enameli ya kweli hupikwa kwa kipimo ili kunywea kwake kukaribie kule kwa chuma kitakachobeba, lakini kupungue kidogo. Tofauti hiyo ndogo ina faida: chuma kikinywea hukibana kioo, na kioo ni hodari wa kuvumilia kubanwa ingawa hakivumilii kuvutwa.

Kutokana na hayo ndipo fundi hupata kanuni ya mgongo. Bamba jembamba likipakwa enameli upande mmoja tu hupinda kama kipande cha ubao kilicholowa upande mmoja, na kikipinda kioo huachia. Hivyo hupakwa pande zote mbili, mbele kwa ajili ya macho na nyuma kwa ajili ya kusawazisha mvuto. Aidha bamba hufuliwa kidogo liwe na tumbo, maana umbo la kibakuli hupinda kwa shida kuliko lililo bapa. Katibu akipewa kisahani cha shaba nyembamba ambacho mgongo wake ni shaba tupu, ana haki ya kuuliza.

Metali nazo huchaguliwa kwa moto. Dhahabu huyeyuka katika nyuzi 1,064, fedha 962, shaba nyekundu 1,085. Zote huuvumilia moto wa enameli, ingawa fedha huhitaji jicho kali kwa sababu nafasi ya kukosea ni ndogo. Shaba ya manjano yenye zinki nyingi haifai, maana zinki hutoa mvuke ndani ya moto na kukijaza kioo mapovu. Aluminiamu ya sufuria za kawaida huyeyuka katika nyuzi 660, na fundi akiiingiza katika tanuri la enameli ya shaba atatoa donge. Viwanda vinazo enameli za pekee za moto mdogo kwa ajili yake, lakini hizo si za kuanzia. Kwa mhunzi wa mlimani liko jambo jingine la kuzingatia: spring za gari, ambazo hutoa visu na panga nzuri, zina kaboni nyingi, na kaboni ikiungua hutoa hewa inayochemka chini ya kioo. Chuma cha enameli ni kile laini chenye kaboni kidogo sana. Chuma bora kwa panga ni kibaya kwa kikombe.

Njia za kupamba zilizorithiwa ni kadhaa, na inayostahili kuelezwa kwa urefu ni ile ya vyumba, kwa kuwa hutegemea waya, na mkono wa kukunja waya uko mlimani tayari. Wafaransa huiita kloazone, neno litokanalo na kuta zigawanyazo chumba na chumba. Fundi huchukua bamba la shaba nyekundu, akalisafisha kwa siki na chumvi au kwa asidi dhaifu mpaka maji yakitiririka juu yake yasijigawe matone, maana alama ya kidole tu yatosha kukifanya kioo kikatae kushika. Huchukua waya nyembamba ya fedha au shaba iliyofuliwa ikawa bapa kama ukanda, akaikunja kwa koleo ndogo kufuata mchoro: jani la mgomba, tunda la kahawa, vilele vya Kibo na Mawenzi. Kuta hizo husimamishwa kwa ubavu juu ya bamba na kushikizwa kwa gundi ya mimea inayoungua bila kuacha majivu, au kwa tabaka jembamba la enameli iliyo wazi iliyotangulia kuyeyushwa.

Kioo cha kujazia vyumba husagwa kwa kinu kidogo na mchi pamoja na maji. Kisha huoshwa. Maji ya kwanza hutoka kama maziwa; humwagwa, yakatiwa mengine, mpaka maji yawe safi na ubaki unga ulio kama mchanga laini. Wanafunzi wengi huikimbia kazi hii ya kuosha kwa sababu haionekani, na matokeo yake huonekana baadaye, rangi inapotoka na ukungu badala ya kung'aa. Unga huo ukiwa mbichi hutiwa katika kila chumba kwa ncha ya unyoya au kijiti, rangi kwa rangi, na maji hunyonywa kwa kitambaa safi. Kipande hukaushwa kabisa juu ya tanuri. Kikiingia motoni na unyevu, maji huchemka na kuurusha unga nje ya vyumba.

Motoni kipande kidogo hukaa dakika 1 hadi 3 tu. Mhunzi aliyezoea kusoma rangi ya chuma atajisikia nyumbani, kwa sababu hata hapa macho ndiyo kipimo. Unga hufifia kwanza, kisha huonekana kama sukari, halafu uso wake huwa na vijishimo kama ganda la chungwa, na mwisho husawazika ukang'aa kama uso wa maji. Hapo ndipo hutolewa. Kikichelewa, waya huanza kuzama na rangi huungua. Kioo kikiyeyuka hujaa chini kuliko unga ulivyokuwa, kwa hiyo vyumba hujazwa tena na kuchomwa tena, mara 3 au 4, mpaka kioo kifikie kimo cha kuta. Kisha uso wote husuguliwa kwa jiwe la kunolea na maji mpaka waya zote zionekane sawasawa, na kipande hurudishwa motoni kwa muda mfupi ili mng'ao urudi, au hung'arishwa kwa mkono.

Kazi za njia hii zilizotukuka ni zile za mafundi wa Bizanti, walioifanya kwa dhahabu, na za Wachina, ambao huiita buluu ya Jingtai kwa jina la enzi ya mfalme wa miaka ya 1450 hadi 1457. Kwa wanaushirika, hata hivyo, mfano wenye mafunzo zaidi ni wa Japani. Huko katika karne ya 19 aliishi Kaji Tsunekichi wa Owari, karibu na Nagoya, aliyezaliwa mwaka 1803. Hakuwa na mwalimu. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1830 alikipata chombo cha enameli kilichotoka ng'ambo, akakipasua ili aone kilivyoundwa ndani, akajaribu mpaka akaweza. Aliowafundisha waliwafundisha wengine, kazi ikaenea katika vijiji vya jirani, na mji mmoja hapo ukaja kuitwa Shippo, ambalo ndilo jina la Kijapani la enameli. Kijiji kizima kilipata riziki kwa sababu ujuzi haukufungiwa katika ukoo mmoja. Mlimani kwetu uhunzi ulirithiwa ndani ya ukoo, na desturi hiyo ilikuwa na sababu zake. Lakini chama cha mafundi kikiifuata kitakuwa chama kwa jina tu.

Njia ya pili ni ya mitaro. Badala ya kusimamisha kuta, fundi huchimba mashimo katika bamba nene kwa patasi, akayajaza kioo. Mji wa Limoges nchini Ufaransa ulipata sifa kwa kazi hii katika karne ya 12 na ya 13. Siku za karibuni mashine imechukua mahali pa patasi: bamba hupigwa mhuri mzito, mitaro ikatokea yenyewe. Beji nyingi za chuma za zamani, za vyama, za shule na za magari, zilifanywa hivyo, na mwenye beji kama hiyo sandukuni aweza kuupitisha ukucha juu yake akasikia jinsi kioo na ukingo wa chuma vilivyo usawa mmoja. Nishani ya Nyota Ing'aayo ya masultani wa Zanzibar nayo ilipambwa kwa enameli.

Masonara wa Kihindi wanayo njia yao waiitayo minakari, kutokana na neno la Kiajemi mina. Dhahabu au fedha huchongwa mchoro, kisha huwekwa kioo kinachopitisha nuru, ili mchongo uonekane chini yake kama jiwe chini ya maji ya mto. Masimulizi ya Jaipur yasema mafundi wake waliletwa kutoka Lahore na Raja Man Singh mwishoni mwa karne ya 16. Mafundi wa Limoges nao baadaye waliacha waya na mitaro wakachora kwa brashi juu ya enameli nyeupe au nyeusi, kama mchoraji achoravyo picha. Hiyo huhitaji zaidi mkono wa mchoraji kuliko wa mhunzi.

Kuhusu moto, wapo wanaosema kwamba pasipo tanuri la umeme hapana enameli. Hilo si kweli. Mtawa aliyejiita Theophilus, aliyeandika kwa Kilatini mapema katika karne ya 12 kitabu cha kazi za mikono, aeleza jinsi kipande kilivyowekwa juu ya bamba la chuma, kikafunikwa kwa kifuniko cha chuma chenye matundu madogo, kisha makaa yakapangwa pande zote na juu, yakapepewa. Matundu yalipitisha joto na kuzuia majivu. Kitu hicho mhunzi wa Mamba aweza kukifua kwa siku moja. Adui katika tanuri la mkaa ni majivu, pamoja na joto lisilo sawa: upande mmoja huungua na upande wa pili ukabaki sukari. Kwa kujifunzia na kwa vipande vichache mkaa watosha. Chama kitakachotaka vipande vingi vinavyofanana kitahitaji tanuri la umeme lenye kipimajoto, na ni vyema kwanza mafundi wake wapate ushauri wa Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya kazi za namna hii.

Hapa hesabu yapasa kuja kabla ya shauku. Kila kipande huingia motoni mara kadhaa, na kila safari ina hasara yake. Tuseme kila mara kipande 1 katika 10 hupasuka. Vipande 100 vikiingia mara ya kwanza hubaki 90. Mara ya pili 81. Mara ya tatu 73. Mara ya nne 66. Fundi aliyeona vipande 10 tu vikipotea siku ya kwanza hatambui kwamba theluthi ya kazi yake itakuwa imekwenda kabla ya kumaliza. Na bei hukosewa hapo hapo. Kwa tarakimu za mfano tu, chama kikitengeneza vipande 40, kila kimoja kikagharimu shilingi 3,000 kwa shaba, kioo, moto na ujira, jumla ni shilingi 120,000. Ikiwa 8 vimeharibika, gharama hiyo yote yabebwa na 32 vilivyosalia, yaani shilingi 3,750 kila kimoja. Katibu anayeuza kwa shilingi 3,500 huku akiandika faida ya shilingi 500 katika kila kipande ataingiza shilingi 112,000, na mwisho wa mwezi mweka hazina atatafuta shilingi 8,000 asizione. Hakuna aliyeiba. Zimo katika ndoo ya vipande vilivyopasuka, na ndoo hiyo yastahili kuwa na ukurasa wake katika daftari.

Usalama nao una gharama. Vumbi la kioo huumiza mapafu, hivyo kusaga hufanywa kwa maji, na afanyaye kazi ya unga mkavu hufunika pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi. Enameli za zamani nyingi zina risasi, na baadhi ya nyekundu, rangi ya chungwa na manjano zina kadimiamu. Zote mbili ni sumu zinazojilimbikiza mwilini. Siku hizi zinauzwa enameli zisizo na risasi, na hizo ndizo chama kinapaswa kuagiza, hata kama bei yake ni ya juu. Asidi ya kusafishia humiminwa ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe ndani ya asidi. Na karakana isiwe jiko la nyumbani.

Turudi kwenye kikombe cheupe. Chombo cha chuma hupakwa tabaka mbili. La kwanza ni jeusi au la buluu iliyoiva, lenye oksidi za kobalti na nikeli, na kazi yake ni kushika chuma. La pili ndilo jeupe. Ndiyo maana kikombe kikianguka hubanduka alama nyeusi kabla ya kutokea kutu. Maua yaliyo ndani ya mabeseni makubwa hupigwa kwa vibao vilivyotobolewa au hubandikwa kwa karatasi ya picha, kisha huchomwa tena. Enameli iliyo nzima haili kutu, haibaki na harufu, na huoshwa kwa urahisi. Iliyobanduka ndani ni jambo jingine: kutu hutambaa chini ya kioo na kukiinua, na vipande vyake huweza kuangukia chakula. Kipande cha kioo katika uji wa mtoto hakina mzaha. Chombo kama hicho kitumike kwa kubebea mbolea au mahindi ya kuku. Wala haifai kuchachushia mbege, au kugandishia maziwa, katika beseni la zamani lililopambwa rangi kali upande wa ndani, kwa kuwa uchachu huivuta risasi na kadimiamu kutoka katika kioo kisicho bora. Chombo kisipashwe moto kikiwa kitupu, na kilicho moto kisimwagiwe maji baridi. Sheria ya kutanuka na kunywea haikuishia kiwandani.

Katibu apokeapo bidhaa iliyopambwa hahitaji mashine ili aitambue. Aiguse kwanza kwa shavu: kioo ni baridi, rangi na plastiki ni vuguvugu. Aukwaruze mgongo wake, mahali pasipoonekana, kwa ncha ya pini ya chuma: rangi huchubuka, enameli haichubuki. Aguse sehemu hiyo hiyo kwa pamba iliyochovywa dawa ya kuondolea rangi ya kucha; rangi na gundi ya plastiki aghalabu hulainika au hunata, kioo hakijali. Atazame mgongo kama umepakwa, na kingo kama zina nyufa. Mwisho akiweke kipande kimoja katika kila fungu ndani ya maji ya moto, kisha katika maji ya kawaida, akiache usiku kucha juu ya meza, akitazame asubuhi. Vilivyopita huandikwa katika daftari la bidhaa kwa namba ya fundi aliyevitengeneza. Vya rangi tupu vyaweza kupokewa pia, maana rangi si dhambi, ila huandikwa rangi, hubandikwa lebo ya rangi, na huuzwa kwa bei ya rangi.